BUSTANI YETU: Yasmini kwenye kopo

Mwezi uliopita tuliongea juu ya lengalenga. Leo ni yasmini. Wengine watasema, "Ua haliliwi, na maji yenyewe ni ya foleni!" Kweli kabisa. Basi tuwe na mche mmoja tu, tuunyweshe maji tuliyooshea mboga.

Kata kijiti cha sentimita 15 hivi chenye vifundo, toa majani ya chini, kichomeke kwenye kopo lililotobolewa chini, kivulini. Udongo uwe na unyevu, siyo tope. Kikishika mizizi, kisogeze juani. Maua yakiisha punguza matawi, maana maua huja kwenye machipukizi mapya.

Kwa nini kopo? Tulikotoka hatukubeba hata mti mmoja. Huu, siku tukihama, tutaubeba. Mwenye nao tayari, amkatie jirani.