Sonona ya Mama Mzazi na Kikomo cha Simu ya Mkononi

Hotuba zetu za afya ya uzazi hujaa habari za vifo, damu salama na majengo mapya. Ni haki yake. Lakini upo ugonjwa unaomwandama mama mzazi usiopimwa kwa mizani ya kliniki wala kwa tone la damu, nao ni sonona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata matatizo ya afya ya akili, hasa sonona. Maana yake ni kwamba katika foleni ya akina mama kumi wanaosubiri chanjo za watoto wao, wawili huenda wanaumwa na hakuna anayewauliza.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mama huyu, hata hivyo, mara nyingi hafichi, hajaulizwa tu. Akilia, huambiwa ni deko la kifungua mimba. Akikosa usingizi hata mtoto anapolala, huambiwa ndiyo malezi. Akikosa hamu ya kumshika mwanawe, huitwa mama mbaya, na hilo humfunga mdomo kabisa.

Sasa limezuka tumaini jipya: simu ya mkononi. Wafadhili wanaipenda, vijana wabunifu wanaipenda, na watunga sera wanaipenda zaidi kwa sababu inaonekana kuwa rahisi kuliko kuajiri. Mimi si mpinzani wa simu. Ninachopinga ni kudhani kwamba simu yenyewe ndiyo tiba.

Tutazame Pakistani, ambako ushahidi ni wa muda mrefu. Mwaka 2008 Profesa Atif Rahman na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya utafiti uliohusisha wajawazito 903 wenye sonona huko vijijini. Wahudumu wa afya wanawake, wasio wataalamu wa saikolojia, walifundishwa kuzungumza na akina mama nyumbani kwa utaratibu maalumu. Baada ya miezi sita tangu kujifungua, walioendelea kuwa na sonona walikuwa asilimia 23, ilhali katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 53. Hapakuwa na programu yoyote ya simu. Palikuwa na mwanamke aliyebisha hodi, akaketi, akasikiliza.

Teknolojia ilikuja baadaye, nayo ilikuja kwa adabu. Katika toleo jipya la mpango huo, programu ya kielektroniki hubeba masomo kwa sauti na picha, na mwanamke wa jirani, ambaye naye amelea, huketi na mama wakayafuata pamoja. Kifaa hulinda ubora wa mafunzo. Binadamu hubeba uhusiano. Huo ndio mgawanyo wa kazi tunaopaswa kuuiga.

Sisi tuna pa kuanzia. Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024. Kenya, mwaka 2023, iliwapa simu za kisasa wahudumu wake wa jamii wapatao 100,000. Kwa hiyo swali halihusu tena upatikanaji wa kifaa. Linahusu kile tutakachokiweka ndani yake na nani atakayelipwa kukitumia.

Napendekeza masharti matatu. Kwanza, faragha. Katika nyumba nyingi simu ni ya mume, au ni kitochi kinachozunguka kati ya mawifi. Ujumbe unaotokea kwenye kioo ukitaja sonona unaweza kumletea mama talaka badala ya nafuu. Simu ya mhudumu ni salama kuliko ya nyumbani, na taarifa zake zilindwe kwa sheria tulizokwisha kuzitunga: ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022.

Pili, rufaa. Dodoso la Edinburgh, linalotumika duniani tangu 1987, lina maswali kumi, na la mwisho huuliza kuhusu wazo la kujidhuru. Mama akijibu "ndiyo" saa tano usiku, nani anapokea jibu hilo? Kuuliza bila kuwa na wa kuitikia ni ukatili uliovaa joho la ubunifu. Kabla mfumo haujatuma swali la kwanza, kila kata iwe na jina la muuguzi wa zamu na kila wilaya iwe na mtaalamu wa kupokea rufaa.

Tatu, ujira. Mhudumu anayepewa posho ya kubahatisha hatarudi kubisha hodi mara ya pili, na sonona haitibiwi kwa ziara moja. Bajeti inayonunua simu bila kumlipa anayeishika ni bajeti ya picha za uzinduzi.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma: utakapoletewa andiko la mradi wa simu kwa ajili ya akina mama, usianze kuhesabu waliopakua programu. Uliza wangapi walitembelewa, wangapi walipewa rufaa, wangapi walipona. Kwa wanafunzi na wanaharakati: daini takwimu hizo hadharani. Mama mzazi anahitaji mtu wa kumwitikia. Simu na imsaidie mtu huyo kufika.