Kukesha Si Mpango

Acha niseme hii kitu hata kama itaniletea maneno. Shule nyingi za sekondari hapa Kenya hazimtayarishi mwanafunzi kwa KCSE. Zinajitayarisha zenyewe. Mwanafunzi ni punda tu wa kubeba alama ya wastani ya shule, na akishaifikisha, kila mtu ashike njia yake.

Najua kuna mwalimu ameshakunja uso. Ngoja nimalize.

Nikiwa Fomu Tuu, muhula wa tatu, tulipewa karatasi ya kuchagua masomo. Mimi nilijua ninachotaka: uhandisi wa ujenzi. Kwetu kuna daraja la miti ambalo kila msimu wa mvua hubebwa na maji, na watoto wa ng'ambo ile wanakaa nyumbani mpaka mto ushuke. Nilikua nikiliangalia hilo daraja likienda. Kwa hivyo nikaweka alama kwa fizikia bila kufikiria mara mbili.

Siku mbili baadaye naitwa ofisini. Mtihani wa muhula nilikuwa nimepata 38 kwa fizikia. Nikaambiwa, tena kwa upole kabisa, "Wewe ni mtoto mwerevu, usijiharibie gredi. Chukua Biashara, utatupatia A." Sikia hiyo tena: utatupatia. Hakuna aliyeniuliza nataka kusomea nini. Hakuna aliyetaja neno klasta. Nikafuta, nikaandika Biashara, nikasema asante mwalimu.

KCSE nikapata B. Hesabu A-, Kemia B+. Nyumbani kuku akachinjwa, chama cha mama kikaja na leso na soda. Sasa wiki ya kuchagua kozi nikaenda saiba, nikamwambia yule kijana wa pale anitafutie uhandisi wa ujenzi. Akaangalia masomo yangu, akaniangalia mimi, akauliza, "Kwani fizikia iko wapi?"

Huyo kijana wa saiba ndiye mtu wa kwanza maishani mwangu kunieleza klasta. Alinitoza shilingi hamsini. Mama alikuwa amelipa karo miaka minne.

Kwa wale ambao bado hamjaambiwa, hii ndiyo hadithi yenyewe. Gredi ya jumla ya KCSE inakufungulia geti tu. C+ inakuwezesha kuomba digrii, basi. Ukishaingia ndani ya geti, KUCCPS inaangalia masomo manne yanayohusiana na kozi unayotaka, na hayo ndiyo yanayokupa alama za klasta. Uhandisi unataka Hesabu, Fizikia na Kemia. Uuguzi unataka Baiolojia na Kemia. Kama somo linalotakiwa hukulifanya, hata uwe na gredi ya kutajwa kwa redio, mlango umefungwa. Na hilo somo uliliacha ukiwa Fomu Tuu, ukiwa na miaka kumi na sita, kwa dakika tano ofisini.

Tangu 2023 mambo yamekuwa hata ya kudanganya zaidi. Gredi ya jumla sasa inahesabiwa kwa Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Ni mabadiliko mazuri, sipingi, maana wengi wameokoka kwa hayo. Lakini klasta haijali hizo huruma. Unaweza kupata jumla nzuri, mkasherehekea, halafu kozi ikukatae. Mimi ni shahidi.

Sasa muulize mwanafunzi yeyote wa Fomu Foo ratiba yake ya kujiandaa iko vipi. Atakwambia anaamka saa kumi alfajiri. Anasoma mpaka saa tano usiku. Likizo yuko shule. Sisi tulikuwa tunaweka miguu kwenye karai la maji baridi chini ya dawati ili usingizi usitushike. Prepu ya asubuhi, nusu ya darasa inaota ikiwa imeshika kalamu. Tuliita hiyo bidii. Ukilala, wewe ni mzembe. Ukianguka asembli, umekosa chai.

Na mnajua kinachochekesha? Sheria haijanyamaza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo. Kanuni za 2015 zinasema mwanafunzi wa bweni awe kitandani kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kila mwalimu mkuu anajua. Kila mzazi anayeitishwa pesa za "motisha" anajua pia, na anatuma kwa simu.

Halafu kuna biashara ya karatasi. Ikifika Oktoba, Telegram inajaa watu wanaouza mtihani. Mtoto ambaye hajui anachokitafuta ataamini chochote. Nimeona wenzangu wakichanga pesa za matumizi kununua karatasi ambayo ilikuwa ya moki ya kaunti fulani, imebadilishwa kichwa tu. Usiku mzima wanakariri majibu ya maswali ambayo hayakuja. Lakini hebu tuwe wakweli: nani aliwafundisha kwamba mtihani ni kitu cha kukisia? Ni mwalimu yule yule aliyesema, "Hii mada ilikuja mwaka jana, iruke."

Mara ya mwisho tulipoambiwa ukweli kuhusu haya mambo ilikuwa 2016. Mwaka wa 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A. Serikali ikabana wizi wa mitihani, na mwaka uliofuata A zikawa 141. Nchi nzima. Hapo ndipo tungekaa chini tujiulize tunafundisha nini. Sisi tukarudi kwa kengele ya saa kumi.

Kuna watakaoniambia, "Lakini sisi tulikesha na tukafaulu." Ni kweli, na siwanyang'anyi jasho lenu. Kuna shule ambazo zisingekuwa na nidhamu kali, watoto wa maskini wasingetoboa. Hiyo nakubali mikono miwili. Lakini ulifaulu kwa sababu ya kukosa usingizi, ama licha ya kukosa usingizi? Na wale waliokesha na wewe, dawati moja, karai moja, wakapata D, hao tunawaitaga mashahidi lini?

Mpango ni kitu kingine. Mpango unaanza kwa swali, haujali kengele: unataka kusomea nini, na kozi hiyo inadai masomo gani? Hilo swali liulizwe Fomu Tuu kabla ya karatasi ya kuchagua masomo, mzazi akiwa hapo, mahitaji ya kozi yakiwa mezani. Baada ya hapo, mjue mtihani wenyewe. Kiswahili ni alama 200: insha 40, lugha 80, fasihi 80. Mbona basi wiki nzima unakariri methali za insha na vitabu vya fasihi hujamaliza? Karatasi ya Hesabu ina sehemu ya kwanza ya maswali 16 mafupi yenye alama 50, lazima yote. Kabla ya kuhangaika na maswali marefu, hakikisha zile hamsini haziendi bure. Fanya karatasi za miaka iliyopita ukiwa na saa mbele yako, sahihisha, andika ulipokosea, rudia hapo. Halafu lala. Ndiyo, lala.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji pesa ya motisha. Yanahitaji mwalimu anayekujua jina na ndoto.

Msiniambie hii shida inaisha na 8-4-4 kwa sababu kundi la mwisho linafanya KCSE 2027. Watoto wa CBE wanachagua njia wakiwa Gredi ya 9: STEM, Sayansi ya Jamii, ama Sanaa na Michezo. Tumechukua kosa lile lile, tukalisogeza kwa mtoto mdogo zaidi. Kama shule itaangalia jina lake kwanza na mtoto baadaye, tutazalisha mimi wengine, ila wakiwa na sare mpya.

Mimi sikufa. Nilisomea kozi nyingine, niko sawa, nalipa kodi ya nyumba. Lakini mvua za mwaka jana nilienda nyumbani. Lile daraja lilikuwa limeenda tena. Nikasimama hapo na viatu mkononi, nikakumbuka 38 yangu ya fizikia. Nilikuwa na miaka miwili mizima ya kuipandisha hiyo 38. Nilikuwa nikiamka saa kumi alfajiri kila siku. Masaa yalikuwepo.

Wewe uliambiwa uache somo gani? Na uliambiwa ni kwa faida ya nani?