Msomi wa sayansi asilaumiwe kwa kutazama runinga

Katika jamii yetu ni makosa machache yanayohukumiwa kwa haraka kama lile la mtu mzima aliyesoma kupatikana akitazama runinga saa nne asubuhi. Akiwa ni kijana aliyekomea kidato cha nne, watu humhurumia na kusema kwamba kazi zimeadimika. Lakini akiwa na shahada ya uzamifu katika sayansi, ile inayompa haki ya kuitwa daktari, hukumu hubadilika: amelewa vitabu, ana kiburi, anangoja kuletewa kazi kitini. Nayasema haya kwa kuwa shahada hiyo ninayo, katika kemia, na kwa miezi kumi na minne baada ya kuvishwa joho nilikuwa nikisaka kazi nje ya chuo kikuu. Shangazi yangu, mama mwema asiye na hila, aliwahi kuniuliza mbele ya wageni ni daktari wa namna gani asiyetibu na asiyetoka nyumbani.

Nakusudia kumtetea msomi wa aina hiyo. Hata hivyo, utetezi wangu huenda usimpendeze sana, kwa maana sitasema azime runinga. Nitasema abadilishe namna anavyoitazama.

Kwanza tuelewe kwa nini yuko nyumbani. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyotaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Wengi wakakimbilia masomo hayo wakiamini kwamba kila atakayehitimu atapata kiti. Wakati huohuo vyuo vya umma vikazidi kuzama katika madeni, nafasi za kudumu zikapungua, na daktari mpya akaambulia vipindi vichache vya kufundisha kwa muda, malipo yakichelewa miezi na miezi. Hata walioajiriwa rasmi hawakunusurika. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma kwa takriban wiki saba wakidai fedha za mkataba wa 2017 hadi 2021. Ama utafiti, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliutengea asilimia 2 ya pato la taifa, na ahadi hiyo haijapata kutimizwa. Nani basi atamlaumu mtu kwa kutafuta riziki kwingine?

Huko kwingine nako kuna mikosi yake. Katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda niliambiwa kwamba elimu yangu imepita kiasi na kwamba nikiajiriwa nitatoroka baada ya mwezi. Katika nyingine aliyenihoji alipekua kurasa nane za wasifu wangu, majina ya majarida ya kitaalamu yakiwa yamejipanga kama askari gwarideni, kisha akauliza swali moja tu: mtambo wa maabara ukiharibika usiku, nitaweza kuutengeneza? Nilikuwa nimeutengeneza mtambo kama huo mara nyingi kuliko nilivyoandika makala. Lakini nani ametufunza kuliandika jambo hilo katika wasifu?

Hapa ndipo runinga inapoingia. Asubuhi vituo vyetu hutuletea wanasiasa wanne mezani wakibishana juu ya uchaguzi ujao, hata uwe mbali kiasi gani. Mchana huja tamthilia za mapenzi za kutoka nchi za mbali, mashujaa wake wakizungumza kwa sauti ambazo si zao. Sina ugomvi nazo. Aliyekataliwa na waajiri watatu kwa wiki moja ana haki ya kuona mwingine naye akikataliwa. (Februari 2015, vituo vikubwa vilipotoweka hewani kwa karibu wiki tatu kwa sababu ya mzozo wa kuhamia mfumo wa dijitali, nadhani familia nyingi ziligundua kwamba zina watu wa kuzungumza nao.)

Taarifa ya habari ya saa moja jioni, lakini, ni jambo jingine. Hiyo ndiyo safu ya matangazo ya kazi, isipokuwa haitaji mshahara wala mwisho wa kutuma maombi. Julai 2019 kituo kimoja kilifichua kwamba nyama katika baadhi ya maduka makubwa ilikuwa ikitiwa sodiamu metabaisalfaiti ili ionekane mbichi. Taifa zima lilikasirika. Swali lililokuwa vinywani mwa watu, hata wasiojua, lilikuwa swali la kemia: hupimwaje, na ni nani wa kupima? Novemba mwaka huohuo Shirika la Viwango likapiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, ile sumu ya kuvu ambayo mwaka 2004 iliwapata watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na kuwaua 125.

Nikae kidogo kwenye mahindi. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 za aflatoksini katika sehemu bilioni moja za nafaka. Sumu yenyewe haienei sawasawa: katika lori zima huenda punje chache tu ndizo zilizobeba karibu sumu yote. Anayechota bakuli moja juu ya gunia akapima atapata jibu safi, naye atakuwa amejidanganya pamoja na walaji wake. Kujua achote mara ngapi, kutoka wapi, asage na kuchanganya vipi kabla ya kupima, na aamini jibu kwa kiasi gani, hiyo ndiyo elimu ambayo mwanafunzi wa uzamifu huipata kwa miaka minne ya kusumbuliwa na takwimu. Tajiri wa kinu hajui kwamba anamhitaji daktari wa kemia. Anajua tu kwamba ana hofu ya kufungiwa biashara.

Nilipoliona hilo niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa kampuni inayohifadhi nafaka. Sikutaja jina la tasnifu yangu. Nilieleza jinsi ambavyo ningechukua sampuli katika ghala lao na gharama yake, na nikaitwa katika muda wa siku tisa. Sidai kwamba kila barua ya namna hiyo hujibiwa. Tatu kabla yake hazikujibiwa kamwe.

Vivyo hivyo kwa wengine. Nzige walipoivamia kaskazini mwishoni mwa 2019, palihitajika wajuao wadudu. Corona ilipotangazwa nchini Machi 2020, kila alasiri tulisomewa idadi ya sampuli zilizopimwa, na kila sampuli ilipita mikononi mwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Marehemu Profesa Thomas Odhiambo hakuridhika na darasa peke yake. Mwaka 1970 alianzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, na hadi leo kituo hicho huajiri na kufunza wanasayansi bila kuwa chuo kikuu.

Vituo vya runinga navyo havina budi kujirekebisha. Vinamjua mwanasayansi siku ya maafa tu. Maafa yakipita, anarudi gizani na wanasiasa wanarudi mezani. Lakini kipindi cha Shamba Shape Up, kilichoanza mwaka 2012, kimeonyesha kwamba mtaalamu wa udongo au wa kuku akipelekwa katika shamba la mkulima, watu hutazama. Mwajiri aliyemwona mtaalamu akiinama shambani hatamwuliza kama anaweza kazi ya mikono.

Lawama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya vyuo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupelekwa viwandani kwa miezi kadhaa ajionee kazi, ilhali yule wa uzamifu kwa kawaida hufungiwa maabara hadi siku ya kutetea tasnifu. Miezi mitatu tu kiwandani, katika mwaka wa tatu wa masomo, ingewakutanisha yeye na tajiri wa kinu kabla hawajaanza kuogopana. Haihitaji sheria mpya wala mabilioni. Yahitaji msimamizi wake akubali kumwachilia.