Muda wa Mgonjwa Nao Uhesabiwe

Barabara ya lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni, pamoja na ile ya kilomita 54 iendayo Mkata, zimewapunguzia wananchi wa wilaya hizo adha kubwa ya safari. Lakini kufika mapema si kuhudumiwa mapema. Katika zahanati na hospitali zetu nyingi, Bara na Visiwani, mgonjwa hufika alfajiri akapanga foleni ya kadi, kisha ya daktari, kisha ya maabara, akarudi kwa daktari, na hatimaye akasimama kwenye dirisha la dawa. Dakika anazokaa na mganga ni chache. Saa anazokaa kwenye benchi ni nyingi, wala hakuna daftari linaloziandika.

Wajapani wana neno lao kwa kila jambo litumialo nguvu bila kumfaa mteja: huliita "muda". Ni sadfa ya lugha tu, lakini inatusuta. Taiichi Ohno wa kiwanda cha magari cha Toyota, baada ya Vita Kuu ya Pili, aliuhesabu kuwa upotevu kila ungojaji, kila mwendo usio na sababu na kila kitu kinachorundikwa ghalani bila kuhitajika. Wapo wadhanio kuwa hayo ni ya viwandani. Sivyo hata kidogo. Hospitali ya wanawake ya Castle Street, mjini Colombo, Sri Lanka, iliyaingiza wodini. Na mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikaanza kuyafuata kwa msaada wa Japani, nyingine zikaiga. Hatua zake tano zikapewa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Majina ni mazuri. Hofu yetu ni kwamba hatua hizo zaweza kuishia kwenye mabango ya ukutani na rafu za stoo. Rafu iliyopangwa humwepusha muuguzi na kuhangaika kutafuta bomba la sindano, na hilo si dogo, hasa usiku mama mzazi anapotokwa na damu. Hata hivyo, foleni ya nje haifupishwi na rafu. Tena upungufu wa wauguzi na dawa hauponywi kwa kupanga meza upya, na kiongozi atakayeitumia mbinu hii kama kisingizio cha kupunguza watumishi atakuwa hakuielewa.

Tunawaomba waganga wakuu wa wilaya za Handeni na Korogwe jambo moja lisilohitaji fungu la fedha. Wamteue mtumishi mmoja afuatane na mgonjwa, tuseme mama atokaye Kwamsisi au Mashewa na mtoto mgongoni, tangu getini hadi atakapotoka na dawa. Awe na saa mkononi, aandike kila mahali alipongoja na sababu yake. Karatasi hiyo isomwe mbele ya watumishi wote, makarani na wafagizi wakiwemo, maana wao huyaona mengi yasiyofika ofisini. Ndugu zetu viongozi wa Unguja na Pemba nao hawatapungukiwa na kitu wakijaribu. Ikionekana kwamba dirisha la kadi hufunguliwa baada ya uwanja kujaa, lifunguliwe mapema. Ikionekana kwamba mgonjwa huzunguka jengo zima kwa ajili ya muhuri mmoja, muhuri uhamishwe. Na mwezi unaofuata, atafutwe mgonjwa mwingine, afuatwe kwa saa ile ile.