Dhamana ya Mdomo Haitengenezi Gari

Mtumishi wa serikali anapokwenda sokoni kununua fungu la nyanya, hupatana bei. Huligeuza fungu, huichungua nyanya ya chini, humwambia muuzaji kwamba jana aliliona fungu kama hilo kwa bei nafuu zaidi, kisha huondoka hatua tatu ili aitwe tena. Hakuna anayemcheka. Lakini mtumishi huyo huyo aingiapo katika yadi ya magari kununua gari la anasa lililokwisha kutumika, kwa fedha alizozitolea jasho miaka thelathini, huona haya. Huuliza bei, huomba apunguziwe kidogo, hupunguziwa kidogo, hushukuru. Ama habari ya dhamana, yaani nani atakayelitengeneza gari likiharibika mwezi ujao na kwa fedha za nani, hiyo haizungumzwi kabisa, au huzungumzwa mlangoni wakati funguo zimekwisha kukabidhiwa.

Nayasema haya kwa uchungu, maana yamenifika nyumbani. Mjomba wangu alistaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, akapata malipo yake ya mkupuo. Nyumba alikwisha kujenga, na watoto walikwisha kusoma. Akataka kitu kimoja tu ambacho maisha yake yote alikiona kikipita barabarani na watu wengine wakiwa ndani yake: gari kubwa jeusi la Ulaya, lenye viti vya ngozi na milango inayofungwa bila kelele.

Simlaumu, ingawa najua wapo watakaomlaumu. Wasomaji wa rika la wazazi wetu watalikumbuka neno “wabenzi”, lililozuka Afrika Mashariki baada ya uhuru kuwataja wakubwa waliotambulikana kwa magari yao ya Mercedes-Benz. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko kwa sababu ya tamaa za namna hiyo. Lakini zama hizo gari la anasa lilikuwa la mwenye madaraka au mwenye mali. Siku hizi gari lililotumika Japani au Uingereza kwa miaka mingi huuzwa kwa bei ambayo mwalimu mstaafu aweza kuifikia. Na hapo ndipo ulipo mtego wenyewe. Bei ya kulinunua imeshuka, ila gharama ya kulitunza haikushuka pamoja nayo. Kipuri chake bado ni kipuri cha gari la tajiri.

Yadi ilitaka shilingi milioni ishirini na nne. Mjomba akapatana kwa siku mbili, ikawa milioni ishirini na moja. Alipouliza juu ya ubovu, kijana wa yadi alimjibu kwa adabu zote: “Shikamoo baba. Gari hili halina neno. Likikusumbua, lilete tu, sisi tupo.” Mjomba alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa milioni tatu.

Asubuhi ya siku ya thelathini na nne alilikuta gari limelala upande wa nyuma, kama ngamia aliyepiga magoti. Magari mengi ya daraja hilo hayakukalia springi za chuma pekee. Hukalia mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, na pampu ndogo ya umeme huijaza kila inapopungua. Mfuko ukipasuka ufa mdogo, pampu hufanya kazi mchana na usiku kuujaza, mpaka nayo inaungua. Ndivyo ilivyokuwa. Fundi alidai zaidi ya milioni tano kwa mifuko miwili na pampu, nusu yake itangulie kwa kuwa vipuri viliagizwa kutoka nje. Mjomba alirudi yadi. Kijana yule yule, kwa adabu ile ile, alimwambia: “Mzee, hili ni gari lililotumika. Ulilikagua mwenyewe, ukalipenda.” Akamwonyesha mkataba wa ukurasa mmoja wenye maneno matatu: limeuzwa kama lilivyo. Chini yake ipo saini ya mwalimu mkuu ambaye kwa miaka mingi hakupata kutia saini ripoti ya mwalimu yeyote kabla ya kuisoma mara mbili.

Je, hana haki kisheria? Anayo kiasi. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata mfano wa sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Nayo huchukulia kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina yake anauza kitu chenye ubora wa kuuzika, hata kama jambo hilo halikuandikwa. Lakini sheria hiyo ina upande wa pili ambao wanunuzi wengi hawaujui. Mnunuzi akiisha kuikagua bidhaa, hana dai juu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ulipasa kuifichua. Kwa hiyo anayelizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke na kutikisa kichwa, aweza kuwa amejidhuru kuliko kujisaidia. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza udanganyifu na upotoshaji katika biashara na kumlinda mlaji. Vyombo vipo. Hata hivyo, mtu wa umri wa mjomba, akiwa hana hata mstari mmoja ulioandikwa juu ya ahadi aliyopewa, atapanda ngazi ngapi za ofisi kuthibitisha maneno yaliyosemwa uani?

Wenzetu wa Marekani, ambao hawasifiki sana kwa kumwonea huruma mnunuzi, walilitambua jambo hili zamani. Tangu mwaka 1985 kanuni ya serikali yao kuu inamlazimu mfanyabiashara wa magari yaliyotumika kubandika dirishani karatasi ya maelezo kwa mnunuzi. Karatasi hiyo hueleza wazi ama kwamba gari linauzwa kama lilivyo bila dhamana ya muuzaji, ama kwamba lina dhamana. Na kama lina dhamana, hutaja ni sehemu zipi za gari zinazohusika, kwa muda gani, na muuzaji atalipa asilimia ngapi ya vipuri na asilimia ngapi ya ufundi. Humshauri mnunuzi aulize kama aweza kulipeleka gari kwa fundi wake mwenyewe. Tena humwonya kwamba ahadi za mdomo ni vigumu kuzidai, hivyo aombe kila ahadi iandikwe. Sioni kwa nini karatasi ya namna hiyo isibandikwe katika vioo vya magari ya hapa kwetu. Haihitaji mashine wala fedha za kigeni.

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa huko huko Marekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi juu ya soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yaliikataa kwanza. Mwaka 2001 mwandishi wake akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Tuliisoma makala hiyo chuoni kama hesabu ya mtihani tu, wala sikufikiri kwamba ingekuja kukaa sebuleni kwa mjomba. Muuzaji anajua kama gari lake ni zima au bovu, na mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani. Mwenye gari zima huiona bei hiyo kuwa ya kumpunja, akaliondoa gari lake sokoni; mwenye bovu huipokea kwa mikono miwili. Hatimaye sokoni hubaki mabovu. Miongoni mwa dawa alizozitaja Akerlof ni dhamana, kwa sababu hiyo huirudisha hatari kwa yule anayejua.

Jambo hili ndilo ningependa ndugu walimu na watumishi walishike. Bei na dhamana ni patano moja. Anayepigania bei peke yake amepigania nusu ya mali. Na kuomba dhamana iliyoandikwa ni namna ya kumpima muuzaji kuliko maswali mia. Kwa mwenye kujua kwamba giaboksi ni nzima, kuandika “giaboksi, miezi mitatu” hakumgharimu chochote. Anayejua kwamba giaboksi inagonga ndiye atakayeanza kueleza habari za desturi ya biashara.

Kwa hiyo mazungumzo yasianzie kwenye bei. Yaanzie kwenye ukaguzi, na mkaguzi awe fundi wa mnunuzi, si wa yadi wala wa dalali. Gari liwashwe likiwa baridi, maana kelele nyingi za injini hufichika ikiisha kupata moto. Lipimwe kwa kompyuta, na fundi aangalie kama kumbukumbu za hitilafu zilifutwa jana yake. Liachwe limesimama usiku mzima, kama lina mifuko ya hewa, asubuhi lionekane limelalaje. Mjomba angelifanya hili moja tu, makala haya yasingeandikwa. Kwa gari lililonunuliwa katika minada ya Japani, idaiwe karatasi ya mnada: humo mna daraja la gari, kilomita zilizosomwa siku ile, na herufi R au RA kwa yale yaliyopata ajali yakatengenezwa. Kilomita za karatasi zikiwa elfu mia moja arobaini na za dashibodi elfu sabini na nane, mnunuzi hana haja ya kupatana tena; aage aende zake.

Mnunuzi azijue pia kasoro za aina anayoitaka. Injini za Mercedes-Benz za silinda sita zinazoitwa M272, zile za mwanzo zilizotengenezwa katikati ya miaka ya 2000, zinajulikana duniani kwa gia moja ya ndani iliyolika kabla ya wakati wake, na kuibadili ni lazima injini ishushwe. Gari la namna hiyo laweza kuwa lilikwisha kutengenezwa, nalo likawa zuri kabisa. Lakini swali liulizwe kwa kuitaja gia yenyewe, na jibu liandikwe.

Hapo sasa ndipo bei izungumzwe. Kila kasoro iliyopatikana ina njia tatu: itengenezwe kabla ya malipo, ikatwe katika bei kwa makisio ya gereji, au iandikwe katika dhamana. Kisichokubalika ni njia ya nne, ile ya “tutaangalia”. Mnunuzi aweza pia kuomba abakize sehemu ya fedha kwa siku thelathini. Fedha iliyo mkononi mwake ni wakili asiyedai ada. Wala asidanganyike na dhamana ya kiwanda inayotajwa katika kitabu kilichomo ndani ya gari. Kwa kawaida dhamana hiyo ilitolewa kwa nchi lilikouzwa likiwa jipya, na muda wake ulikwisha zamani.

Yatupasa tuwatendee haki wauzaji nao. Wapo waaminifu, na hao husema kwamba hawawezi kulidhamini gari la miaka kumi na tano kama kwamba limetoka kiwandani jana. Hilo ni kweli. Mtu aweza kulipitisha gari kwenye mashimo, akaliwekea mafuta machafu, kisha akalirudisha yadi akilia. Ndiyo maana dhamana ya haki huwa na mipaka: siku sitini au tisini, injini, giaboksi na mfumo wa kubebea gari, muuzaji alipe nusu ya vipuri, matumizi mabaya yasihusike. Muuzaji akikataa hata hiyo, na ana haki ya kukataa, basi punguzo la bei lilingane na hatari anayomtwisha mwenziwe. Milioni tatu alizopunguziwa mjomba hazikutosha kununua pampu na mifuko.

Lugha yetu ina neno hili dhamana kwa mambo mengi. Tumelitumia kwa cheo, tukawafundisha watoto shuleni kwamba mwenye cheo amekabidhiwa tu. Tunalitumia mahakamani kwa mtu aliyeachiwa kwa ahadi ya kurudi. Kote huko lipo jina la mtu anayeulizwa mambo yakiharibika, na lipo limeandikwa. Katika uuzaji wa magari peke yake ndiko tulikoliacha lielee hewani.

Mjomba alilitengeneza gari kwa kuuza ng'ombe wawili na kukopa kwangu. Miezi minane baadaye akaamua kuliuza. Alimpata mnunuzi, mhasibu wa halmashauri, kijana wa umri wangu. Mjomba alichukua daftari la shule, akachora mistari kwa rula, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: mifuko ya nyuma na pampu, mpya, stakabadhi hii hapa, mifuko ya mbele, ya zamani, yaweza kupasuka, kiyoyozi hakipozi vizuri mchana, taa ya kushoto ina maji. Akaitaja bei yake, milioni kumi na saba, akaahidi kwa maandishi kulipa nusu ya gharama kama mifuko ya mbele ingekufa katika siku sitini. Mhasibu aliisoma karatasi ile kwa muda mrefu, akasema hajapata kuona mtu akiuza gari namna hiyo. Hakuomba apunguziwe hata shilingi moja. Mfuko wa mbele wa kulia ulipasuka siku ya arobaini na moja, na mjomba akalipa.