Makisio Kabla ya Kuhesabu

Katika madarasa mengi ya shule za msingi, neno "kubahatisha" ni neno la lawama. Mtoto atoaye jibu lisilo sahihi huambiwa aketi na aache kubahatisha. Na haupiti muda mrefu kabla hajajifunza kunyamaza mpaka jibu litoke kwa mwenzake hodari au kwa mwalimu mwenyewe. Maoni yangu ni kwamba mwalimu apigaye marufuku makisio hujinyima njia bora ya kuzitambua fikra za wanafunzi wake. Ushahidi wangu nautoa katika mkutano wa wanasayansi.

Kila mwaka, mwezi wa Mei, wataalamu wa jenomu hukutana katika maabara ya Cold Spring Harbor, jimbo la New York, Marekani. Jenomu ni jumla ya maagizo ya urithi yaliyomo katika seli ya kiumbe, na jeni ni fungu moja la maagizo hayo. Mkutano wa mwaka 2000 ulifanyika wakati rasimu ya jenomu ya mwanadamu ikikaribia kutangazwa, lakini hakuna aliyejua kwa hakika mwanadamu ana jeni ngapi. Ndipo Ewan Birney, mtaalamu kijana kutoka Uingereza, alipowaalika wenzake waandike makisio yao daftarini. Ada ilikuwa dola 1 mwaka huo, dola 5 mwaka 2001, na dola 20 mwaka 2002, kwa sababu kadiri maarifa yalivyoongezeka ndivyo kukisia kulivyokuwa rahisi zaidi. Kanuni ziliwekwa mapema: zingehesabiwa jeni zenye maagizo ya kutengeneza protini tu, na mshindi angetangazwa mwaka 2003.

Matokeo yake yanafundisha. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vimetaja jeni kama 100,000, na baadhi ya wataalamu waliandika makisio yaliyozidi idadi hiyo. Mwaka 2003 ushindi ulikwenda kwa Lee Rowen, mtaalamu wa Seattle, aliyeandika 25,947. Hayo yalikuwa makisio madogo kuliko yote, na hata hivyo yalipita kiasi: leo jeni za aina hiyo zinahesabiwa kuwa karibu 20,000.

Je, wataalamu hao walikuwa wajinga? Hata kidogo. Wengi waliongozwa na fikra iliyoonekana kuwa ya busara, kwamba kiumbe mwenye ubongo mkubwa na mwili wenye mambo mengi sharti awe na jeni nyingi. Lakini tangu mwaka 1998 ilikwisha kujulikana kwamba mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1 tu, ana jeni zipatazo 19,000. Kumbe jambo kubwa si wingi wa jeni, bali jinsi zinavyotumika: jeni moja yaweza kutoa protini zaidi ya moja, na yaweza kufanya kazi katika kiungo kimoja na kupumzika katika kingine. Makisio yaliyoandikwa yaliianika fikra iliyokuwa imejificha, na hesabu ikaisahihisha.

Mwanafunzi wa darasa la tatu naye anazo fikra zake zilizojificha. Chukua, mathalani, somo la kuelea na kuzama. Mwalimu aweke mbele ya darasa ndoo ya maji, kijiwe kidogo na kipande kikubwa cha mti mkavu. Kabla ya kutia chochote majini, kila mtoto aandike kipi kitazama, na kwa nini. Wengi wataandika kwamba kikubwa kitazama kwa kuwa ni kizito. Mwalimu akianza kwa kuwaeleza kanuni, wataikariri, na fikra yao ya kwanza itabaki palepale, tayari kuchomoza siku ya mtihani. Wakikisia kwanza, macho yao yatalinganisha walichoandika na wanachokiona.

Yapo masharti ya kuzingatiwa. Kwanza, makisio yaandikwe kabla ya jaribio, maana yanayosemwa baadaye hufuata upepo. Pili, kila makisio yawe na sababu. Hapo ndipo yanapotengana na kubahatisha. Tatu, yasitiwe alama ya kosa, wala mtoto asichekwe. Fedha, bila shaka, haina nafasi darasani. Ada ya mtoto ni sababu aliyoitoa.

Wapo watakaosema kwamba darasa lina watoto 70 na muhtasari ni mrefu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuandika sentensi moja huchukua dakika tatu, na mwalimu apitaye kati ya madawati akisoma sentensi hizo atajua la kusisitiza na la kuacha. Kinyume chake, somo lililofundishwa upya kwa sababu halikueleweka hula kipindi kizima.

Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha hawana budi kutenga nafasi ya makisio katika andalio la somo, kabla ya jaribio na kabla ya maelezo yao wenyewe. Ikiwa mabingwa wa sayansi waliweza kuandika majina yao kando ya tarakimu zilizokosea maradufu, na wakaendelea kuheshimiwa, mtoto wa miaka tisa naye anastahili uhuru huo.