Betri Mezani pa Mwalimu

Walimu wa sekondari hutuuliza: tutafundishaje habari za maendeleo ya dunia, nasi hatuna vitabu? Twawajibu: wekeni mezani betri ya simu. Msiipasue, maana ina sumu.

Ndani ya betri nyingi za namna hiyo mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo yetu, hasa pande za Kolwezi. Mwalimu achore ramani sakafuni kwa chaki. Mwanafunzi mmoja asimame Kolwezi. Wa pili katika bandari ya Durban. Wa tatu China, ambako kobalti nyingi husafishwa. Wa nne dukani kwetu, ambako simu hurudi kwa bei kubwa. Betri ipite mkono kwa mkono, na kila mmoja aseme: hapa hufanyika kazi gani, na nani hupata faida?

Kisha lije swali gumu: mbona wako watoto wa rika lenu walio mashimoni saa hii ya masomo? Kuwalaumu wageni peke yao hakutoshi. Nani kwetu hununua mawe ya mtoto? Nani alimnyima fedha za shule?

Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya kila mtu, mwili na roho.

Enyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na swali hilo, msimnyamazishe. Ketini naye, mlijibu.